Kadi Niliyompelekea Mumbua

Kifua kikuu hakikuniua. Wivu wangu pia haukuniua mimi, ila ulikaribia kumuua mwenzangu, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu. Habari za vidudu na mapafu waulizeni madaktari. Mimi nitasema ya benchi, ya sahani yenye alama, na ya kadi moja niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku hizi wagonjwa wana makundi yao ya simu, wanapeana pole mchana kutwa na watu ambao hawajawahi kuonana. Binti yangu alinionyesha moja. Nikasoma, nikakuta mama mmoja analalamika kwamba mwenzake akiandika neno tu anajibiwa na kundi zima, yeye akieleza maumivu yake watu wanampita. Nikamwambia binti yangu, huyu namjua. Akashangaa, maana mama mwenyewe alikuwa Tanga. Lakini nilimjua. Sisi hatukuwa na simu, tulikuwa na redio na kadi, na uchungu ulikuwa ni huo huo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa cherehani Timbwani, Likoni, mke wa Salim na mama wa watoto watatu. Nyumbani niliitwa Mwanamisi. Redioni niliitwa Sauti ya Timbwani. Nilikuwa mwanachama wa klabu ya salamu, na asiyeijua kazi hiyo nitamweleza: unanunua kadi dukani, unaandika majina ya unaowasalimu, unaitia posta, na baada ya wiki mbili tatu mtangazaji anaisoma, nchi nzima ikisikia. Ufundi wenyewe ulikuwa kubana majina. Mimi niliweza kuingiza watu arobaini kwenye kadi moja kwa mwandiko mdogo kama mtama, kisha mwisho kabisa nikaweka jina langu. Nisiwafiche. Wale arobaini walikuwa ngazi tu. Nilichokaa nikikingojea ni lile jina la mwisho.

Mumbua aliingia klabuni mwaka mmoja kabla sijaugua. Alikuwa Mkamba wa Kitui, mjane, anafanya kazi katika kiwanda cha magunia huko Changamwe na amepanga chumba kwetu Likoni. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha kwa mama yake bara. Hakujipa jina la mbwembwe, alijiita Mumbua tu, na kadi yake nzima ilikuwa na mtu mmoja. Mtangazaji alisoma: "Mumbua wa Likoni anamsalimu Mzee Kombo wa Vanga, anamuuliza yule mbuzi wake aliyevunjika mguu anaendeleaje." Basi, imekwisha. Tulimcheka sana. Kwenye mkutano wa klabu nilimwambia mbele ya watu, "Dada, kadi si barua. Waharibu nafasi bure."

Akanijibu kwa upole, "Lakini Mzee alisema kwa redio mbuzi yake imeumia. Sasa nisiulize?"

Kikohozi kilinianza wakati wa vuli. Nilikunywa tangawizi, nikanywa asali na ndimu, nikasomewa dua, nikapakwa mafuta ya nazi kifuani. Pete ya ndoa ikaanza kunitoka nikifua nguo, nikaifunga uzi ili ikae. Kanga niliyokuwa nikijifunga kwa shida ikawa inanizunguka mara mbili na ncha inabaki. Wateja walikuja kupimwa nguo wakanitazama mimi kuliko nguo, na miaka ile mtu akikonda kila mmoja alikuwa na jina la ugonjwa mdomoni. Kaskazi ilipoingia na joto lake Salim alichoka kunisikiliza. "Mke wangu, hebu twende hospitali. Hiki si kikohozi cha tangawizi."

Tulikaa kwenye baraza ya hospitali siku tatu kabla ya kuambiwa neno. Siku ya kwanza ya kupewa kikopo cha kutemea, ya pili ya kukirudisha, ya tatu ya kungoja jina liitwe dirishani. Mtu hujifunza mengi barazani. Nilijua nani ana mume wa kumshikia mwavuli na nani amekuja peke yake, na wenye mume niliwaona wamezidi kupendelewa, ijapokuwa wangu alikuwa kando yangu. Hiyo ndiyo tabia yangu, nilikuja nayo hospitali, hospitali haikunipa.

Walisema ni kifua kikuu. Sindano sitini, moja kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kisha vidonge kwa miezi mingi. Mama mkwe wangu, mtu wa adabu zake, hakusema neno baya. Alichukua sahani moja na bilauri moja akavitia nukta ya rangi ya kucha chini, nyekundu, akaniambia, "Mwanangu, hivi ni vyako, usichanganye." Salim alihamishia godoro lake ukumbini. Zuhura wangu wa miaka minne akapelekwa kwa dada yangu Ukunda. Alipokuwa akiondoka alinipungia mkono akiwa mlangoni, maana alikatazwa kunikaribia. Nililia kwa ajili ya mtoto, na nikalia pia kwa sababu dada yangu ndiye angemsuka nywele.

Hesabu ya siku ikawa hesabu ya sindano. Sindano ya tano mkojo ulikuwa umegeuka rangi ya kutu, Salim akauona akashika kichwa. Sindano ya kumi na nne makalio yalikuwa na mafundo, nikawa nakaa upande upande. Masikio nayo yalianza kuvuma kama redio iliyopoteza stesheni. Muuguzi wetu alikuwa na rehema moja ndogo: alisugua mikono yake mpaka ipate joto kabla ya kukugusa. Hilo silisahau.

Kila Jumapili adhuhuri kulikuwa na kipindi cha kuwapa pole wagonjwa. Nilikuwa nimewasalimu watu kwa miaka mitano, arobaini kwa kadi, kwa hiyo nilijua mvua ya pole itakayoninyea. Jumapili ya kwanza nilivaa nguo safi nikakaa mbele ya redio kama niendaye arusini. Nikasomewa kadi tatu, na moja ilikuwa ya dada yangu. Jumapili ya pili mbili. Nikasema posta imechelewa.

Siku ya sindano yangu ya tisa Mumbua alitokea barazani, amejifunga leso kichwani, macho yameingia ndani. Kiwanda kilimpa ruhusa ya ugonjwa kwa barua ya daktari. Alikaa kando yangu akacheka kidogo. "Hata wewe, dada Mwanamisi? Basi tuko wawili."

Wiki tatu baadaye kipindi kilimsomea kadi kumi na moja. Mzee Kombo alimpa pole na kusema mbuzi anatembea. Mwanamke wa Voi alisema yeye alipofiwa na mama, Mumbua alimuuliza jina la marehemu, na hakuna mwingine aliyeuliza. Bwana mmoja wa Kisauni, ambaye mimi nilimsalimu zaidi ya mara ishirini, alimpa pole Mumbua. Mimi sikutajwa. Nilizima redio, nikaiwasha tena nisije nikapitwa na yangu, nikasikia kadi ya kumi na mbili, nayo ilikuwa yake.

Ningependa kusema niliumia kidogo. Niliumia sana. Nilikuwa mgonjwa kuliko yeye, nimekonda kuliko yeye, nimeingia klabuni kabla yake, na Likoni ni kwetu. Nilipomwona barazani nilimchukia kwa kila kitu: alivyosalimia wagonjwa wapya, muuguzi alivyotabasamu akimwita, hata sindano yake niliona inamuuma kidogo kuliko yangu. Aliniletea dafu, nikalinywa, nikamchukia. Akaniuliza, "Zuhura anaendelea aje huko kwa mama mdogo?" Nikajibu, "Salama." Nilimwonea wivu kwa kulikumbuka jina la mwanangu, na mimi watoto wake siwajui hata kwa majina.

Siku ya sindano ya thelathini nilinunua kadi. Kwa mara ya kwanza maishani niliandika jina la mtu mmoja. Niliandika hivi: "Mimi Sauti ya Timbwani nampongeza dada yangu Mumbua wa Likoni kwa kupona kabisa. Nawashukuru wote mliompa pole, sasa furahini pamoja naye." Nilijua bado ana sindano karibu arobaini. Nilijua anakohoa. Lakini niliisoma ile kadi nikaiona tamu, nani atakasirika kwa kuombewa heri? Pole zake zitakoma, watu watasema Mwanamisi ana roho nzuri, na jina langu litasomwa. Nikaitia posta mwenyewe, sikumtuma mtu.

Ramadhani ikaingia. Sikufunga, dawa zilinikataza, nikawa nakula nyuma ya mlango na sahani yangu ya nukta kama mwizi. Kadi ilisomwa nilipokuwa nimefika sindano ya arobaini na mbili. Mtangazaji aliisoma kwa sauti ya furaha, akapiga na taarabu baada yake. Salim alikuwa anatengeneza kiatu kizingitini. Akauliza, "Kwani Mumbua amepona? Juzi nimemwona ferini, amejishika kwa chuma akikohoa."

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kiatu chake.

Kesho yake Mumbua alinishika mkono barazani. "Asante, dada. Umenitamkia kitu kikubwa. Labda Mungu amesikia." Alikuwa na macho mekundu. Siku mbili baadaye hakuja. Wala siku iliyofuata. Nafasi yake kwenye benchi nikaweka mkoba wangu. Nilidhani pole zake zingehamia kwangu. Hazikuhamia. Jumapili ile yeye hakusomewa hata kadi moja, nami nilisomewa moja.

Siku ya sindano ya hamsini na mbili muuguzi aliniuliza, "Mwenzako yuko wapi? Amekosa siku tisa."

"Sijui, sista."

"Mtafute. Akiacha hapa katikati ugonjwa utarudi, na ukirudi dawa hizi huenda zisiusikie. Anaweza kufa, Mwanamisi."

Nilimsikia vizuri. Na bado sikwenda siku ile, wala ya pili. Nilijiambia mambo ya watu wa bara yana wenyewe. Siku ya tatu nikaenda chumbani kwake. Jirani yake alikuwa anachambua mchele uwanjani. "Mumbua? Huyo huondoka kabla ya jua. Msimamizi wake kazini alisikia kwa redio kwamba amepona, akamtumia ujumbe: kama umepona rudi Jumatatu, la sivyo nafasi ina watu. Sasa sindano ataipata saa ngapi?"

Mdomo huponza kichwa, wazee wamesema. Wangu ulikiacha kichwa changu salama ukaponza cha mwenzangu. Ningeandika kadi nyingine, ingesomwa baada ya wiki tatu, na wiki tatu yeye hakuwa nazo. Nikavuka feri mchana ule ule, nikaenda Changamwe, nikauliza kiwanda cha magunia kiko wapi. Nilifika wafanyakazi wanapumzika kula, wamekaa kando ya ukuta na mikebe yao. Nikamwomba bawabu aniitie msimamizi. Akaja mtu mfupi mwenye kalamu sikioni.

Nikamwambia, "Mumbua bado mgonjwa. Yuko kwenye sindano. Mrudishe hospitali."

"Mama, mimi sikuambiwa na mtu. Nilisikia kwa redio, na masikio yangu haya."

"Redio ilikuwa mimi."

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepotewa na akili. "Ni mimi niliyeandika kadi ile," nikasema. "Niliandika uongo."

"Kwa nini?"

Wafanyakazi walikuwa wameacha kutafuna. Nilimwona Mumbua nyuma yao, nyuzi za magunia zimemjaa kwenye leso, shingo yake nyembamba kuliko siku ile ya kwanza. Ningeweza kusema nilikosea. Nilitamani sana kusema nilikosea. "Kwa wivu," nikasema. "Alikuwa akipewa pole nyingi kuliko mimi."

Hakuna aliyecheka. Mumbua aliweka mkebe wake chini, akaja mpaka langoni. "Dada Mwanamisi," akasema, "si ungeninyima tu salamu? Kuninyima peke yake kungetosha." Halafu kikohozi kikamshika, akajiziba na leso, na alipoiondoa ilikuwa na damu. Msimamizi alirudi nyuma hatua tatu. Akamwambia aende, na akipona kweli, aje waone kama nafasi ipo. Haikuwepo. Hilo nalo ni langu.

Daktari aliamuru aanze upya, sindano ya kwanza ya sitini. Mimi nilimaliza zangu karibu na Idi, nikapewa vidonge, lakini kila asubuhi nilipika uji wa wimbi nikaenda kumgongea Mumbua, tukatembea pamoja hadi barazani. Masika ilikuwa imefunguka, njia zote tope. Alikunywa uji. Hakusema nami neno. Alisema na muuguzi, alisema na wagonjwa, alimuuliza bawabu wa hospitali habari za jino lake, mimi akanipita kama nguzo. Mtaona ajabu nikiwaambia kwamba hata pale nilimwonea wivu bawabu.

Kadi ya kusahihisha niliandika pia. "Mumbua wa Likoni hajapona. Niliyesema amepona ni mimi, na nilijua sivyo." Mtangazaji, Mungu amsamehe, aliniona labda nimechanganyikiwa. Alisoma hivi: "Sauti ya Timbwani anaomba radhi kwa hitilafu ndogo, dada Mumbua bado anaendelea na matibabu." Hitilafu ndogo. Kadi za pole zikamrudia kwa wingi, na mbili zilinisifu mimi kwa kumjali mwenzangu.

Siku ya sindano yake ya ishirini na moja alisimama njiani kupumua, akaniuliza bila kunitazama, "Zuhura amerudi?"

"Bado."

"Mwambie baba yake amlete. Sista amesema wewe sasa huambukizi. Mtoto asikae huko bure."

Salim alimleta Ijumaa ile. Mama mkwe alichukua kisu akakwangua nukta zote mbili, ya sahani na ya bilauri, akaviweka kabatini na vyombo vya watu. Jioni hiyo nilijisikia mtu tena, kisha nikakumbuka ni nani aliyenifungulia mlango.

Kwa wewe uliye kwenye benchi sasa, au kwenye hayo makundi ya simu, sina hekima kubwa. Wivu utakuja, na mgonjwa ana wakati mwingi wa kuulisha. Mimi nikisikia mwenzangu anapewa pole ikanichoma, siandiki siku hiyo. Nalala nayo. Asubuhi namuuliza kitu kimoja tu, cha kweli, kinachomhusu yeye: mguu unaendeleaje, mtoto amekula. Mara nyingine naandika hali bado nimenuna. Swali lenyewe huwa halijui kama nimenuna.

Kipupwe kilipoingia Mumbua alimaliza sindano zake. Alikuwa amenenepa mashavu. Aliandikiwa barua ya kwenda kumalizia vidonge kwao Kitui, na mama yake akaja kumchukua, bibi mfupi aliyebeba kiondo mgongoni. Niliwakuta barazani asubuhi hiyo, wamekaa mahali tulipozoea kukaa sisi. Nilisimama mbali kidogo nikawatazama wanavyoegemeana, nikasikia kitu kile kile kinanikwaruza moyoni. Hakikuwa kimepona.

Bibi aliniona. "Ni wewe Sauti ya Timbwani?"

"Abee, ndimi, mama. Shikamoo."

Akasimama, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa migumu ya jembe. "Mimi nilikuwa nimekataa chakula," akasema. "Nilisema mtoto yangu anakufa mbali na mimi. Halafu nikasikia wewe kwa redio, umesema amepona. Nikakula siku hiyo. Baadaye wakasema bado, lakini nilikuwa nimepata nguvu ya kungoja. Wewe ulinifikiria."

Nikafungua mdomo nimwambie. Mumbua alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiondo. Akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa, "Usimwambie. Huyu ni mzee, mwache na furaha yake. Wewe pokea tu, uende nayo nyumbani."

Nilimtazama. Hakuwa akinidhihaki, wala hakuwa akinihurumia. Mama yake bado alikuwa amenishika, amefumba macho, na hakuwa amesikia. Alikuwa ameanza kuomba, polepole, kwa Kiswahili ili na mimi nielewe. Alimwomba Mungu anilipe sawasawa na yale niliyomtendea mwanawe.

Nikaitikia, "Amina."